Someni Michezo ya Watunzi Wenzetu

Ndugu msomaji, umemaliza darasa la kisomo. Unajua kusoma, unajua kuandika jina lako na barua yako. Cheti umekitunza sandukuni. Haya, sasa unasoma nini?

Swali hili si la utani. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani akikaa mwaka mzima bila kushika kitabu, herufi huanza kumtoka. Kwanza anasoma polepole. Halafu anaruka maneno magumu. Mwisho anampa mtoto barua amsomee, huku anasingizia miwani. Jembe lisilolimiwa huota kutu, na kusoma ni vivyo hivyo. Watu wa namna hii tunao vijijini kwetu, na wengine walikuwa hodari sana darasani.

Wapo wanaotuambia: "Vitabu ni virefu. Jioni mtu umetoka shamba, macho yamechoka, kurasa mia mbili utazimaliza lini?" Wana haki kusema hivyo. Ndiyo maana leo tunataka kuwaonyesha aina moja ya kitabu ambacho wengi hawakifikirii. Ni kitabu cha mchezo wa kuigiza. Shuleni huitwa tamthilia.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunatunga pia michezo midogo ya kijijini, ile inayochezwa chini ya mwembe siku ya sherehe. Kwa hiyo kazi za watunzi wenzetu tunazisoma sana, za watunzi wakubwa na wadogo. Tumechagua chache za kuwapendekezea. Tumetafuta zaidi zile fupi, na zile ambazo mtu mmoja anaweza kuzicheza peke yake. Hatukutazama ukubwa wa jina la mtunzi. Tumetazama kama kazi yake inasomeka, na kama inasema mambo yanayotugusa sisi watu wa jembe.

KITABU CHA KUSOMA WENGI

Kitabu cha mchezo kimejaa maneno ya watu wanaozungumza. Mmoja anasema, mwenzake anajibu. Sentensi zake nyingi ni fupi, kwa sababu watu wakizungumza hawasemi kwa sentensi ndefu. Lugha yake ni ya mdomoni, ile unayoisikia kisimani na kilabuni. Tena hakisomwi na mtu mmoja kimyakimya. Watu sita wanaweza kukaa pamoja na kitabu kimoja, kila mtu akasoma maneno ya mtu wake. Ambaye bado anasoma kwa kusitasita mpeni mwenye maneno machache. Baada ya wiki mbili ataomba mwenyewe aongezewe.

Ukifungua kitabu hicho kwa mara ya kwanza unaweza kushangaa. Ukurasa wa mwanzo una orodha ya majina. Hao ndio wahusika, yaani watu wa mchezo. Halafu kila usemi umetanguliwa na jina la msemaji, mara nyingi kwa herufi kubwa. Jina hilo usilisome kwa sauti. Linakuonyesha tu zamu ni ya nani. Tena utakuta maneno ndani ya mabano, kama haya: (Anakaa. Anautazama mlango.) Hayo nayo hayatamkwi, yanatendwa. Wewe kaa, utazame mlango. Basi, hapo umeshajua kusoma mchezo.

Vitabu ni vichache, hilo tunalijua. Njia ya kufanya ni hii. Kila mchezaji achukue daftari, anakili maneno yake tu. Na kabla ya kila usemi wake aandike maneno mawili matatu ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili akiyasikia ajue sasa ni zamu yake. Msidhani hii ni mbinu ya watu maskini wa vijijini peke yao. Wachezaji wa London wakati wa Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita, walikuwa wakipewa hivyo hivyo: kila mtu karatasi yake, maneno yake, na neno la kupokelea. Na kwa mwanakisomo kuna faida ya pili. Unaponakili maneno ya mama mwenye nyumba kurasa nne, mkono unanyooka kuliko kwa mazoezi mengi ya ubaoni.

ANZENI NA NGONJERA

Kwa watu wanaoanza kabisa tunapendekeza ngonjera. Ngonjera ni mashairi ya kujibizana. Wawili au zaidi wanasimama mbele ya watu, mmoja anauliza au anapinga, mwingine anajibu kwa shairi. Wazee wengi wanazikumbuka tangu watoto wao walipokuwa shule. Aliyezipa nguvu ni Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Kitabu chake Ngonjera za Ukuta kilitoka mwaka 1970, yeye akiwa ameshatutoka. Hapa Ukuta si ukuta wa nyumba. Ni kifupi cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi.

Tuseme kweli: mengi yaliyomo humo yalitungwa kueleza siasa ya miaka ile, na leo msomaji kijana atayaona yamepitwa. Na kwa maoni yetu yule anayepinga hukubali upesi mno. Beti chache tu, amesalimu amri! Nani kijijini kwenu anakubali kushindwa upesi hivyo? Lakini umbo lake ni zuri sana la kujifunzia. Lisomeni, halafu tungeni ya kwenu, juu ya choo, juu ya mgao wa maji, juu ya mbuzi wanaoachwa kula mashamba ya watu. Na huyo mpinzani mwacheni abishe hasa.

MICHEZO MIFUPI YA EBRAHIM HUSSEIN

Mtunzi anayetajwa zaidi katika tamthilia za Kiswahili ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa. Wengi wanaijua Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, inayomhusu mganga wa Ngarambe na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Huo ni mchezo mkubwa, una watu wengi. Kwa leo tuuache, ingawa mwenye hamu asingoje ruhusa yetu.

Kabla ya huo aliandika michezo miwili mifupi, ikachapwa pamoja mwaka 1970 katika kitabu kimoja kiitwacho Michezo ya Kuigiza. Wa kwanza ni Wakati Ukuta. Msichana Tatu anataka kwenda sinema na kijana aitwaye Swai. Mama yake hataki hata kusikia. Ugomvi wa mama na binti unaanza hapo, na mwisho wake ni mbaya. Jina limetoka katika methali mnayoijua nyote. Mwasemaje, sinema si jambo la leo? Sawa. Wekeni simu mahali pa sinema, muone kama ugomvi huo haumo nyumbani mwenu. Kinachotupendeza sisi ni kwamba mtunzi hamfanyi mama kuwa mjinga wala binti kuwa mhuni. Kila mmoja ukimsikiliza unaona naye ana sababu yake. Ukisoma maneno ya mama, wasomee watu kwa hasira ya kweli, usimdhihaki.

Wa pili ni Alikiona. Huu ni wa mke anayemdanganya mumewe. Umeandikwa karibu na vile vichekesho vilivyokuwa vikichezwa mijini zamani, na watu watacheka. Kama mnaogopa kuwachosha watazamaji wenu siku ya kwanza, anzeni na huu.

Mashetani, wa mwaka 1971, msianze nao. Ni mchezo mzuri lakini mgumu. Hata wanafunzi wa sekondari wanakuna vichwa.

MTU MMOJA MBELE YA WATU

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ipo michezo isiyohitaji kundi. Mtu mmoja anasimama, anaongea, na mchezo umetimia. Watu husema, "Aa, mchezo wa mtu mmoja ni hotuba." Hapana. Na si jambo geni kwetu. Bibi anapotamba hadithi usiku, ni nani anayesema maneno ya sungura? Ni bibi. Na ya fisi? Ni bibi huyo huyo. Sauti inabadilika, mkono unabadilika, uso unabadilika, na watoto wanamwona fisi hasa amekaa pale. Huo ndio mchezo wa mtu mmoja.

Ebrahim Hussein aliliona hilo. Mwaka 1976 alitoa kitabu chembamba chenye kazi mbili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Zote mbili zimetengenezwa zichezwe na mtu mmoja, kwa kufuata njia ya mtambaji wa hadithi. Mistari yake ni mifupi kama ya shairi, ila haifuati vina na mizani vya mashairi tuliyoyazoea. Kwa mwanakisomo mistari mifupi ni neema, jicho halipotei njia.

Katika Ngao ya Jadi kuna joka liitwalo Sesota linalowasumbua watu, na kuna kijana anayepambana nalo mpaka linauawa. Ukisoma kwa mara ya kwanza utadhani ni ngano tu. Soma tena. Utajiuliza: joka hili ni nani? Na baada ya joka kufa, mbona mambo si shwari? Wasomi wengi wanasema Sesota ni mkoloni, na yanayofuata ni yale yaliyotupata baada ya uhuru. Inawezekana. Lakini si lazima mngoje wasomi wawaambie. Someni kwa sauti, mtu mmoja asome, wengine msikilize mmefumba macho, halafu mjadiliane wenyewe. Hatuwadanganyi, maneno mengine ni ya fumbo, na kuna mahali mtakwama. Pitieni tu. Fumbo halifunguki siku moja.

Kwa anayetaka kucheka kwanza, tunampendekezea mtunzi wa mbali kidogo, Wole Soyinka wa Nigeria, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mchezo wake mmoja mfupi wa mwaka 1960 umetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Masaibu ya Ndugu Jero. Jero ni nabii wa ufukweni. Anawaombea watu, anawatabiria vyeo, na kazi hiyo kwake ni biashara, kama ya mwenye duka. Na hilo hatuambiwi na mtu mwingine, anatuambia mwenyewe! Anasimama peke yake mbele ya watu na kutueleza jinsi anavyowafunga wateja wake. Hapo ndipo pa kujifunza. Mtu mmoja anasema, nasi tunamcheka na kumwogopa kwa wakati mmoja, kwa sababu manabii wa namna hiyo hata kwetu wapo.

Jero anadaiwa. Amechukua joho la mahameli kwa mwanamke mfanyabiashara, hajalipa, na mwanamke huyo amekaa mlangoni pake anadai fedha zake. Kumbe mwanamke huyo ni mke wa Chume, muumini na msaidizi wa Jero. Chume kila siku anaomba ruhusa ya kumpiga mkewe, na nabii humkataza. Siku anapogundua mke ni yule mdai wake, anamruhusu. Watu hucheka sana hapo. Sisi tunaomba mtakaocheza muangalie: kicheko kimwendee Jero, maana ndiye anayeuza mgongo wa mtu ili asilipe deni. Kisiwe kicheko cha kufurahia mwanamke kupigwa.

Na mkitaka kutunga mchezo wenu wa mtu mmoja, tunawapa siri mbili za kazi hii. Ya kwanza, msemaji lazima awe anasema na mtu. Mtu huyo haonekani, lakini yupo: karani nyuma ya dirisha, mume aliyelala kwa pombe, marehemu kaburini. Mtu anayesema na hewa huchosha. Ya pili, msemaji asijue kila kitu. Watazamaji wajue kidogo zaidi kumliko yeye. Mzee anaisifu barua aliyoletewa na tajiri ili aweke dole gumba, anavyoisifu ndivyo watu wanavyotaka kumpigia kelele asiweke. Kwa urefu, ukurasa mmoja wa daftari husemwa kwa kama dakika mbili hivi. Kurasa tano zinatosha kabisa. Ukizidisha, watu watakumbuka ng'ombe wao hawajakamuliwa.

MWENYE HAWALA ASIYEJUA KUSOMA

Katika kazi zote tulizozipitia, moja inawahusu wanakisomo kuliko zote. Ni Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, iliyochapwa mwaka 1980. Mama Lihamba alikitoa kisa katika hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal, akakigeuza kuwa mchezo wa Kiswahili.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja wa mjini, hana kazi, ana wake na watoto wengi. Siku moja inakuja barua kutoka Ufaransa. Mtoto wa ndugu yake anayefanya kazi huko ametuma hawala. Habari inaenea mtaani kabla mzee hajaiona hata senti moja. Wakopaji wanakuja. Mwenye duka anatabasamu. Lakini posta wanataka kitambulisho. Kupata kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Kupata cheti ajue siku aliyozaliwa. Anatakiwa picha, anatakiwa stempu, na kila dirisha linamtuma kwenye dirisha jingine. Kila mahali lazima amtegemee mtu wa kumsomea na kumwandikia, na kila anayemsaidia anakula kidogo. Mwisho anampa ndugu msomi idhini ya kumchukulia fedha. Hapo tena tusimalize, lakini mnaweza kukisia.

Ndugu zetu, nani kati yenu hajasimama kwenye dirisha kama hilo? Leo fedha zinakuja kwa simu, na bado wapo wanaompa kijana wa dukani simu yao pamoja na namba ya siri, kwa kuwa hawaamini macho yao wenyewe. Wasomeeni watu hao mchezo huu. Ukiona mchezo mzima ni mrefu kwenu, chukueni sehemu ya ofisini peke yake. Inatosha watu wanne na meza moja.

KINA MAMA NA NGUZO

Penina Muhando, ambaye pia hujulikana kwa jina la Penina Mlama, ametunga michezo mingi kwa Kiswahili rahisi na safi. Hatia, wa mwaka 1972, unauliza swali ambalo kila kijiji kimewahi kuliuliza kwa kunong'ona: binti akipata mimba kabla ya kuolewa, hatia ni ya nani? Huo ni mfupi na kundi dogo linauweza.

Lakini kwa vikundi vya kina mama tunapendekeza Nguzo Mama, wa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa. Majina yao ni ya kuhesabu, Bi Pili, Bi Tano, Bi Nane na wenzao. Yupo na Bi Msimulizi anayetuongoza tangu mwanzo. Wanavuta, wanasukuma, nguzo haisimami. Kila mmoja ana lake nyumbani. Mmoja ana mume mlevi. Mwingine anafiwa na mume, na kabla machozi hayajakauka ndugu wa marehemu wamekuja kubeba mali. Na wenyewe kwa wenyewe wanagombana, mtunzi hawafichi. Sehemu ya Bi Msimulizi anaweza kupewa mama mmoja anayesoma vizuri, naye akaisoma peke yake kama mtambaji. Wimbo na ngoma tumieni za kwenu.

Penina Muhando na Amandina Lihamba, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoka pia kwenda vijijini. Mwaka 1982 na 1983 walikuwa Malya, mkoa wa Mwanza. Huko hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, na mchezo ukatokea kwao wenyewe, juu ya mambo kama mimba za wasichana. Wanakijiji ndio walioucheza na ndio waliojadili. Tunalitaja hili ili msije mkadhani mtunzi lazima awe mtu wa mjini.

DARASA LA KISOMO LILILOTIKISA SERIKALI

Hatuwezi kuandika juu ya michezo na kisomo tukaiacha Kamiriithu. Ni kijiji cha Limuru, nchini Kenya. Watu wake wengi walikuwa wakulima wasio na ardhi ya kutosha, na vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu. Mwaka 1976 walianza darasa la kisomo katika kituo chao. Walipokwisha kujua kusoma wakauliza kama mnavyouliza ninyi: sasa tusome nini? Wakawaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii wawaandikie mchezo kwa lugha yao ya Kikuyu. Ukaandikwa, ukaitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili ulichapwa mwaka 1982 kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Wanakijiji hawakuupokea kama sala. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila apitaye anatazama. Wazee waliwakosoa watunzi: mzee wa heshima hasemi hivi, tumia neno lile. Watunzi, wote wasomi wa chuo kikuu, wakafuta wakaandika tena. Wanakijiji wakajenga wenyewe uwanja wa wazi wa kuchezea wenye nafasi ya watu kama 2,000.

Kisa ni cha Kigũũnda, kibarua mwenye shamba la ekari moja na nusu. Hati ya shamba hilo ameitundika ukutani, ndiyo fahari yake. Tajiri Kĩoi na mkewe wanaanza kumtembelea. Wanamwambia ndoa yake ya kimila si ndoa, afunge arusi kanisani. Arusi inataka fedha, fedha zipo benki, benki inataka rehani. Hati inatoka ukutani. Mnaona inakoelekea.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, watu wakaja kwa mabasi kutoka mbali. Novemba mwaka huo huo serikali ikafuta leseni. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa uwanja ule. Ngũgĩ wa Mirii alikimbilia Zimbabwe, akafia huko mwaka 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o aliishi ugenini miaka mingi, akafariki Marekani mwezi Mei 2025.

Hatuwaambii haya kuwatisha. Tunawaambia ili mjue kitu hiki ni kizito. Mtu mmoja amesimama na hati mkononi anaitazama, na serikali nzima inakosa usingizi! Mchezo wenyewe ni mrefu, una nyimbo nyingi. Kundi dogo lisome sehemu za nyumbani kwa Kigũũnda tu, hasa zile za ugeni wa matajiri. Na kama kijijini kwenu kuna mtu anayeshawishiwa sasa hivi kuweka shamba rehani, mualikeni akae mbele.

JINA LA MTUNZI

Sisi ni watunzi pia, kwa hiyo mtuvumilie tukisema hili kwa ukali kidogo. Mara nyingi mchezo huchezwa, watu hushangilia, na hakuna aliyesema umetungwa na nani. Huo si uungwana. Kabla ya kuanza, mtu mmoja asimame aseme jina la mchezo na jina la aliyeutunga. Ni nusu dakika tu.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kazi ya mtunzi ni mali yake katika maisha yake, na ya warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kusoma pamoja darasani au barazani hakuna ugomvi. Lakini mkitaka kucheza mbele ya watu, na hasa mkitoza kiingilio, andikeni barua kuomba ruhusa. Anwani ya mchapaji imo katika kurasa za mwanzo za kitabu. Mkikwama, Tanzania kuna Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Barua yenyewe iwe fupi: sisi ni kundi fulani, kijiji fulani, tunataka kucheza mchezo fulani, tarehe fulani, kiingilio ni kiasi fulani au hakuna. Kwa mwanakisomo hiyo nayo ni kazi nzuri ya kuandika.

Kuvipata vitabu hivi kuna kazi kidogo. Vingine havionekani madukani kirahisi. Muulizeni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu, maana vingi vimewahi kusomwa shuleni, na shule nyingi zina nakala kuukuu kabatini. Anayekwenda mjini apite maktaba ya mkoa na majina haya yameandikwa kwenye karatasi, ya kitabu na ya mtunzi, yote mawili.

Mkiwa wanane na zaidi, na kina mama ni wengi, chukueni Nguzo Mama. Mkiwa wanne, sehemu ya ofisini ya Hawala ya Fedha. Mkiwa wawili, someni Jero na Chume. Na wewe uliye peke yako kwenye kibanda cha kulindia mpunga, una taa na una usiku mzima mbele yako, chukua Ngao ya Jadi. Soma kwa sauti. Ndege na nguruwe nao watakaa mbali.